Mshauri Aliyemnyoosha Pipa

Mkewe alikuwa ameshatoa sanduku nje, mguu mmoja kizingitini, na Pipa bado hajainua macho kwenye simu.

"Mume wangu, mimi ndiyo naondoka. Miaka ishirini nakwambia kula taratibu, masikio umeyatia pamba. Nimepata kibarua, nitakaa kwa dada."

"Nenda salama. Ila punguza sauti, najisajili kwa Mshauri."

Pipa, fundi seremala, alikuwa ametoka hospitali juzi. Walimpunguza tumbo la chakula, likabaki kama ngumi ya mtoto. Daktari hakumung'unya maneno: akila kama zamani, mshono utaachia, na hapo watu waanze kutafuta sanda. Wakampa Mshauri, programu ya simu ya kumwongoza kwa ujumbe.

Mshauri hakuwa na mzaha. "Tafuna mara thelathini." Pipa akatafuna. "Usile umesimama." Akaketi. "Zile karanga kwenye kopo la misumari, mpe jirani."

Pipa akaifunika simu kwa leso.

"Shemeji, mashine hii kiboko!" alimwambia mdogo wa mkewe, aliyekuja kuazima msumeno. "Inaona hadi ndani ya kopo!"

"Si ndiyo yale yale aliyokuwa akikwambia dada?"

"Dada yako alikuwa na kelele. Hii ina elimu."

Shemeji akakohoa, akauchukua msumeno, akaenda zake.

Siku moja Pipa aliandika kwa hasira: "Uji umenichosha! Leo nakula nyama, liwalo na liwe!"

Jibu likaja: "Kula. Ila ukifa, nani atakitia mguu wa nne kitanda chako mwenyewe, fundi?"

Pipa akacheka hadi mshono ukamvuta. Akanywa uji.

Baada ya miezi sita alikuwa amepungua kilo arobaini. Kliniki ikamwita awatie moyo wagonjwa wenzake. Akasimama, suruali kaikamata kwa mkono.

"Jamani, ningeoa mwanamke mwenye akili ya mashine hii, nisingefika kukatwa tumbo!"

Wakampigia makofi.

Daktari alipewa cheti kwa ajili ya programu hiyo. Shemeji, anayemalizia vyakula alivyokatazwa Pipa, ameota kitambi. Pipa yu mzima, na kila asubuhi huiamkia simu kabla ya kunawa uso. Programu yenyewe haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Ujumbe huandikwa na wanawake watatu katika chumba cha nyuma ya kliniki, na mkubwa wao ni mkewe.