Ndege za Kipawa

"Kata! Ndege tena," mwongozaji alipaza sauti.

Ilikuwa mara ya nne. Nyumba waliyokodi kupigia filamu ilikuwa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, mtaa uleule alikokulia Vaileth, na kila mara baba wa kambo wa kwenye filamu alipovua mkanda, ndege ilipita juu ya bati ikameza sauti zote. Mwigizaji akashusha mkono. Binti aliyeigiza utoto wa Vaileth akajifuta machozi, akaomba maji.

Vaileth alisimama nyuma ya kamera akisugua kovu la begani, lililoachwa na chuma cha mkanda. Filamu ilikuwa maisha yake, na aliiandika mwenyewe. Ndani yake mama yuko sokoni, hajui lolote. Ndivyo Vaileth alivyoamini miaka thelathini, na ndiyo maana leo alimleta mama yake, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akamfungulia soda.

Jambo moja tu kuhusu vipigo vile hakuliandika, wala hakuwahi kumwambia mtu.

"Utuvumilie, mama," mwongozaji alisema. "Tunangoja ndege ipite, turudie."

Mama hakuinua macho. Alikuwa akizungusha kizibo cha soda vidoleni, kingo zake zikimchoma.

"Msingoje ipite, mwanangu," alisema taratibu. "Yule alikuwaga anangoja ndege ije, ndo avue mkanda."