Kikao cha Bwana Chanzo

Kikombe cha mkewe alikitia alama nyekundu kwa rangi ya kucha, akakitenga pembeni mwa sinia. Vingine alivichemsha mwenyewe jikoni, mikono ya shati kaikunja. Wageni walikuwa njiani, na Bwana Chanzo hakutaka mtu aambukizwe nyumbani kwake.

Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa bwana afya wa siku nyingi, mtu wa kutumwa kila kipindupindu kinapolipuka, na kila alikokwenda aliuliza maswali yale yale mawili: nani aliugua kwanza, na wagonjwa wametumia nini kwa pamoja? Hapo kisima kinajulikana, kinafungwa, watu wanapona. Wenzake ofisini walipenda kumwigiza akiuliza, ila nyuma ya mgongo wake.

Safari hii mlipuko ulikuwa chumbani kwake. Mkewe alikwenda kliniki kupimwa, kwa kufuata wenzake tu, akaambiwa ana kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi, na kwamba dalili za mwanzo zimeonekana. Akitibiwa mapema, atapona. Muuguzi aliwaita wote wawili akawaeleza taratibu: kirusi hicho hakiji kwa maji wala kwa vyombo. Watu huambukizana wanapolala pamoja, na kinaweza kujificha mwilini miaka na miaka, mwenye nacho asijue.

Bwana Chanzo aliondoka na hiyo miaka na miaka. Mengine yalibaki kliniki.

"Mimi sijaumwa hata mafua," alimwambia mkewe. "Niambie ulikitoa wapi."

"Sijamjua mwanamume mwingine ila wewe."

"Kisima hakijitii sumu chenyewe."

Alihamia kulala sebuleni. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, maana huyu mke alimpenda kweli. Tiba ilipangwa wiki inayofuata. Yeye akasema chanzo kwanza, tiba baadaye, akaitisha kikao. Begi la nguo za mkewe lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa mlangoni. Mjomba wa mkewe ndiye angeondoka naye hadi kwao, mbali, ambako hata zahanati hakuna.

Mjomba alifika kwanza, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuomba radhi na hajaambiwa ya nini. Akafuatia mama mkwe, mama wa marehemu mke wake Bwana Chanzo wa kwanza. Bwana Chanzo alimwita makusudi. Alitaka mke wa sasa amtazame usoni mama aliyejua kulea.

"Mama, wewe ni shahidi," alianza. "Mwanao alitoka mikononi mwako hajamjua mwanamume, akaingia kaburini hamjui mwingine ila mimi. Kweli si kweli?"

"Kweli, baba," mama mkwe alisema. Macho yake yalikuwa kwa yule mke wa sasa, aliyejiinamia akikunjakunja pindo la kanga. "Na huyu mwenzetu anaumwa nini?"

Bwana Chanzo alikohoa. Mambo hayo hayatajwi mbele ya mkwe, na yeye alikuwa mtu wa adabu. Lakini mficha uchi hazai. Akaeleza kwa lugha ya kazini huku akitazama dari: mlango wa kizazi, kirusi, na jinsi kansa yenyewe inavyokuja ikiachwa, damu isiyo ya siku zake, maumivu ya kiuno, harufu.

Mama mkwe alitua kikombe chake. Hakukiinua tena.

"Nasikia una maswali yako, baba," alisema. "Uliza."

Bwana Chanzo akasimama. Hii sasa ilikuwa kazi anayoijua. "Swali la kwanza ni lile lile. Nani aliugua kwanza?" Alimgeukia mkewe, akingoja jina la mwanamume.

"Mwanangu," alisema mama mkwe.

Bwana Chanzo alidhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa uzee. "Marehemu aliumwa tumbo, mama. Wewe mwenyewe ulinipigia simu nikiwa kambini."

"Nilikwambia tumbo. Ningekutajia nini kingine, na wewe ni mkwe wangu? Na wewe hukuuliza zaidi, maana mimi pia ni mkweo." Sauti yake haikupanda. "Ulikuwa huko unafunga visima. Mimi ndiye niliyekuwa nafua yale mashuka. Mlango wa kizazi, baba. Daktari alitamka hivyo hivyo ulivyotamka wewe sasa."

Bwana Chanzo alibaki amesimama. Alitaka kukaa, lakini kochi lilionekana liko mbali.

Mjomba alijisogeza mbele kidogo.

"Samahani, mkwe," alisema kwa upole. "Lile swali la pili lilikuwa linasemaje?"

"Wagonjwa wametumia nini kwa..." Bwana Chanzo alianza. Swali hilo alikuwa ameliuliza katika kila kijiji alichotumwa, mbele ya machifu na madaktari, na halikuwahi kumgoma. Alimtazama mama mkwe, akamtazama mkewe, akatazama lile begi mlangoni.

Mkewe ndiye aliyeinuka. Akamimina chai, akatia sukari kijiko kimoja kama mumewe anavyopenda, akakoroga bila haraka.

"Karibu chai, mume wangu," alisema, akamwekea mbele yake kile kikombe chenye alama nyekundu.