Kumi na Mbili kwa Lita

Kabla mumewe hajavua viatu, mwalimu wa hesabu alikuwa amekwisha kuingia garini, daftari gotini, akinakili namba za kwenye mita. Ishirini na mbili kamili: kilomita kumi na moja za kwenda kazini, kumi na moja za kurudi. Namba hizo hazikumpendeza. Zilikuwa safi mno, kama mikono ya mtoto aliyenawa bila kuambiwa.

Kijitabu kilichokuja na gari kilisema kilomita kumi na nane kwa kila lita. Mwalimu aliipigia mstari namba hiyo kwa kalamu nyekundu, maana kwake yeye kilichopigwa chapa ni ahadi. Mwezi wa kwanza alipata kumi na tano. Alimuuliza mumewe zilikokwenda zile tatu, mume akacheka. Mwezi wa pili alipata kumi na nne, akaanza kuuliza kila jioni: alipita njia gani, alisimama wapi, alimbeba nani. Mume hakucheka tena. Mwezi wa tatu ikawa kumi na tatu. Sasa ilikuwa kumi na mbili, na mume alikuwa akifika nyumbani nusu saa baada ya muda wake wa zamani.

"Foleni," alisema, macho yakiwa kwenye kamba za viatu.

Kulikuwa na mengine. Kiti cha dereva kila jioni alikikuta kimelazwa nyuma. Mwalimu alifunga uzi mwembamba kwenye mkanda wa kiti cha abiria, ili yeyote atakayejifunga aukate. Wiki mbili zilipita, uzi haukukatika. Akahitimisha kwamba huyo mtu ni mjanja, hukaa kiti cha nyuma.

Mdogo wake aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, ukimaliza gari utampima na pumzi?" Hata hivyo alikubali kumtunzia begi la nguo, kwa kuwa mwalimu alikwisha kuapa: siku atakayomfumania, hatalala tena katika nyumba ile.

Siku ya Jumamosi alilipeleka gari gereji. Fundi, mtu mzima aliyeisikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua, alikagua matairi, mipira ya mafuta na plagi. Hapakuwa na kinachovuja. Kisha akamweleza kwamba ile namba ya kijitabu hupatikana ndani ya jengo, magurudumu yakizunguka juu ya mapipa ya chuma. Hakuna mlima, hakuna foleni, hakuna kiyoyozi.

"Barabarani toa tatu, mwalimu. Kumi na tano ndiyo haki yake."

"Na tatu nyingine?"

Fundi aliipangusa plagi moja kwa kitambaa, akamwonyesha masizi yake, akaendelea kuipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hizo hazikuliwa na njia. Gari hili husimama mahali, likinguruma. Mimi naisemea injini tu. Ya mwenye injini siyajui."

Jumatatu mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akakodi teksi, akamwelekeza dereva aegeshe ng'ambo ya ofisi ya maji, ambako mumewe alichora ramani za mabomba. Saa kumi na moja juu ya alama mume alitoka, peke yake, faili kwapani. Aliwasha gari. Wakamfuata.

Mume alipita sokoni bila kupunguza mwendo. Alipita zahanati. Kila taa yake ya kukata kona ilipomemeteka, mwalimu aliibana mikono magotini, na kila mara kona ikawa ni ileile waliyoizoea.

"Huyu bwana," alisema dereva wa teksi, "anaendesha kama mtu aendaye kwake."

Mwalimu alimwambia aangalie barabara.

Walikaribia mtaa wao. Mume hakuingia. Aliupita, akakata kona iliyofuata, akaingia kichochoro kilichokuwa nyuma ya mtaa wao. Kumbe ni jirani, aliwaza mwalimu. Alijaribu kuwakumbuka wanawake wote wa kichochoro kile: fundi wa nguo, mkunga aliyestaafu, yule mpangaji mpya mwenye cheko la juu.

Gari lilisimama kando ya ukuta mrefu. Injini haikuzimwa. Chini yake maji ya kiyoyozi yalianza kudondoka, tone baada ya tone, yakachora doa jeusi vumbini. Mwalimu alingoja mlango wowote ufunguke. Dakika kumi. Ishirini. Hakutoka mtu, wala hakuingia mtu. Ndipo alipoinua macho na kuona, juu ya ule ukuta, kamba ya nguo, na kwenye kamba shuka za bluu alizozianika asubuhi kwa mikono yake mwenyewe.

Alivua viatu, akashuka, akatembea akiambaa ukuta mpaka usawa wa mlango wa dereva. Dirisha lilikuwa limeachwa wazi upana wa kidole. Mumewe alikuwa amejilaza kwenye kiti, macho ameyafumba, mikono ameikunja kifuani kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya ubao.

"Kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi," alikuwa akisema. "Sikupita popote, mke wangu. Sikumbeba mtu."

Akatikisa kichwa, hakuridhika. Akakohoa, akainuka kujitazama kwenye kioo, akaanza upya, safari hii akijaribu kutabasamu.