Breki ya Abdiwahid

Gari ikasimama kama imegonga ukuta. Miwani ya Hamdi ikaruka mpaka kwa dashibodi.

"Aabo! Mguu wa kushoto tena!"

"Sijakanyaga," akasema baba yake, Abdiwahid, ameshika usukani kama anataka kuung'oa.

"Basi ni nani amekanyaga? Mimi?"

"Sijausikia ukigusa kitu!"

Hamdi akaokota miwani. Tangu asubuhi walikuwa wanazunguka uwanja wa mnada wa mbuzi hapo Kyuso, na kila wakisimama ni hivyo hivyo. Lori ambalo baba yake aliendesha miaka ishirini na nane lilikuwa na klachi. Ukitaka kusimama, mguu wa kushoto unashuka wenyewe, hata haukuulizi. Lakini hii gari ni otomatiki, haina klachi. Kushoto ukishuka unakutana na breki, na hiyo breki inakanyagwa na nguvu yote ya kukanyaga klachi ya lori.

"Sikiza, Aabo," Hamdi akajaribu kushusha sauti. "Unatumia wa kulia peke yake. Unaachilia mafuta mapema. Unagusa breki pole pole, unaongeza. Ikikaribia kusimama unalegeza kidogo, ndio gari isiiname. Huo mwingine hauna kazi."

Abdiwahid akamgeukia. "Hauna kazi?"

Hamdi akajua ameharibu.

Gari haikuwa yao. Ilikuwa ya Mama Bilan, yule wa duka kubwa ya ndengu. Alikuwa amepasuliwa mgongo, na kila Jumanne lazima apelekwe hospitali Mwingi. Alikuwa anatafuta dereva. Saa tisa angepanda mwenyewe ajaribu, na alikuwa ameshasema: "Nikirushwa mara moja tu, funguo nampatia Kyule," yule dereva mwingine aliyetaka hiyo kazi.

Tangu aache lori mwaka jana, Abdiwahid alikuwa anaamka mapema, anavaa kama mtu wa safari, halafu anakaa mlangoni mpaka jioni akigombana na redio. Hamdi alikuwa amechoka na hiyo redio. Hii kazi ikimponyoka, hakungekuwa na ingine.

Akachukua leso yake, akafunga huo mguu wa kushoto kwa kiti. Wakazunguka tena. Walipofika kwa lango, leso ikafunguka na gari ikaruka.

"Basi vua!" Hamdi akapiga kelele. "Vua tu, tumalize!"

"Nivue hapa? Kyule aone?"

"Kwani Kyule ni nani kwako?"

"Sivui mbele ya watu!"

Hamdi akaangalia kile kiatu cheusi, kimepigwa rangi mpaka kinang'aa. Akageuza uso dirishani. Machozi ya hasira yakamjaa na hakutaka baba yake ayaone.

Saa tisa, Kyule alikuwa tayari ameketi kwa veranda ya duka, kijiti mdomoni, anatingisha goti.

"Aiya, mzee," akasema. "Leo unabeba mama ama unabeba mbuzi?"

"Nikibeba mbuzi nitakuita," akasema Abdiwahid.

Mama Bilan akashikwa mkono, akaingia kiti cha nyuma taratibu kama mtu anashuka kisimani. Hamdi akakaa mbele na baba yake. Wakatoka. Hata hawakufika kwa posho mill. Kulikuwa na tuta, Abdiwahid akataka kupunguza mwendo, na gari ikasimama kwa kishindo.

"Mgongo wangu! Wallahi, Abdiwahid, unataka nishonwe tena?"

"Samahani, Mama Bilan..."

"Samahani itanishona? Hamdi, shuka uniitie Kyule. Shuka!"

Hakukuwa na haja ya kumwita. Kyule alikuwa tayari anakuja, mikono mfukoni, anatembea kama mtu amekuja kuchukua mzigo wake. Abdiwahid akamwona kwa kioo cha pembeni. Shingo yake ikavimba.

"Hakuna mtu anashuka kwa hii gari," akasema, na akafunga milango yote.

"Aabo..."

"Nyamaza!"

Akainama chini ya usukani. Akavuta, akanung'unika kwa Kisomali maneno ambayo Hamdi hajawahi kumsikia akitamka. Akavuta tena. Kitu kikalia *tak*. Alipoinuka, jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwa ndevu.

"Shika," akamwambia Mama Bilan, akipitisha mkono nyuma bila kugeuka.

Mama Bilan akapokea kwa mikono miwili.

Abdiwahid akaachilia breki na gari ikaondoka. Wakapita posho mill, wakapita msikiti. Pale mbele mbuzi walikuwa wanavuka. Akaachilia mafuta mapema, akagusa, akaongeza, akalegeza. Hamdi hakujua wamesimama mpaka alipoona nguzo ya stima nje haisongi. Kwa tuta la pili, hivyo hivyo. Kwa junction, hivyo hivyo. Abdiwahid bado alikuwa amekasirika, unaweza kuona kwa masikio yake, lakini gari haikuwa inajua.

Wakarudi dukani. Akaweka gia kwa P.

"Jumanne," Mama Bilan akasema. "Saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Kyule, aliyekuwa amefuata gari mbio, akafika anahema, akaingiza kichwa kwa dirisha la nyuma, mkono umenyooshwa apewe funguo. Mkono ukabaki hapo hapo hewani.

Mama Bilan alikuwa ameketi wima, ameukumbatia mguu wa bandia wa Abdiwahid kifuani, wote kuanzia goti kushuka, soksi imevutwa vizuri na kamba za kiatu zimefungwa.