Kigae cha Makaa

Mgeni aliingia kijijini wakati wa kipupwe bila kutarajiwa, akiendesha gari lenye kitanda na jiko ndani. Akaliegesha ufukweni. Alikuwa akikohoa, na gesi yake ilikuwa imeisha.

"Mama, nisaidie moto tu, nichemshe chai."

"Nitakuletea makaa kila asubuhi," Bi Mishi alimwahidi. Yeye aliishi kwa kuwakaushia wavuvi samaki.

Lakini pale kijijini moto hautolewi nyumbani kabla wavuvi hawajarudi. Waliamini moto ukitoka, huondoka na samaki. Na wiki ile nyavu zilirudi tupu.

"We Mishi, huyo mjomba wako?" jirani yake, Rukia, alimfokea alipomwona akitoka na makaa kwenye kigae. "Ukivuka na hicho kigae leo, hakuna atakayekuletea hata dagaa."

"Basi nitakausha nguo, shoga."

Hakuna aliyecheka. Wanawake waliondoa vikapu vyao chanjani kwake, alikokaushia samaki, kimoja kimoja.

Bi Mishi akavuka mchanga wenye baridi, kigae cha makaa mikononi. Akabisha mlango wa gari. Akabisha tena. Kikohozi hakikusikika.

Akaketi kwenye kidato cha mlango wa gari, akaanza kuyapuliza makaa yasizimike.