Mwaka Bila Usukani

Twalibu aliutembea ule mstari vizuri kabisa, mguu mbele ya mguu, taratibu kama bibi arusi. Askari Eustace, aliyeuchora mavumbini kwa ncha ya kirungu, alianza kukuna kichwa. Ndipo Mwamvita alipotokea kwenye kona, na nyuma yake wanawake wa mtaa wa Kanyenye na kanga zao za arusi. Twalibu akamwona mkewe. Papo hapo miguu ikapishana, akapepesuka, akalikumbatia tumbo la askari.

"Umekunywa?" Eustace akauliza.

Twalibu akamtazama mkewe, akalitazama gari.

"Sana, afande. Tangu asubuhi."

Gari lenyewe lilikuwa Pijo jeupe la mzee Sultanali, mwenye duka la vitambaa. Lilikuwa limwendee Tatu, mdogo wake Mwamvita, likampeleke kwa mume. Badala yake liliruka mtaro, likapita katikati ya mafiga, likamwaga pilau yote ya arusi, likavunja ua wa kilabu cha pombe na kutulia humo. Mtungi mmoja wa pombe ulimdondokea Twalibu dirishani, akalowa toka kofia hadi makubadhi.

Mwamvita nusura azimie. Mumewe, mtu wa msikitini, anayetapika akinusa tu togwa iliyochacha!

Na gari aliliomba yeye mwenyewe. Mzee Sultanali alikataa kulitoa mpaka aonyeshwe dereva wa kweli, Mwamvita akajipiga kifua: "Dereva gani tena, mzee wangu, na mimi ninalala naye?" Tangu aolewe alikuwa mke wa dereva wa lori la ushirika, na Kanyenye nzima ilijua, maana aliitangazia mwenyewe. Bombani hakupanga foleni. "Mpisheni mke wa dereva," watu walisema, naye alipita na ndoo yake akiringa.

Usiku ule aliwaza, akapata jibu. Jilala! Jilala, utingo wa lori la mumewe, mnywaji anayejulikana hadi Kigwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika pale garini. Bila shaka ndiye aliyeendesha, na Twalibu kwa huruma zake amembebea msalaba.

Siku ya kesi aliijaza mahakama. Mashoga, mawifi, bibi arusi na mumewe, hata mwenye kilabu. Wenye kesi zao wakasubiri nje. Hakimu hajamaliza kusoma shtaka la kuendesha gari akiwa amelewa, Mwamvita kasimama.

"Mheshimiwa, huyu hanywi! Anamfichia mtu, na mtu mwenyewe yumo humu ndani!" Akamkazia macho Jilala. Jilala akahesabu mabati ya paa.

"Mheshimiwa, mke wangu hajui," akasema Twalibu. "Mimi nakunywa kwa siri."

"Astaghfirullah!" ukumbi mzima ukaguna.

"Ndugu mshtakiwa," hakimu akasema, "unaelewa kwamba ukikubali kosa hili nitakunyang'anya leseni?"

"Ninyang'anye, mheshimiwa."

"Iko wapi?"

"Imeliwa na mchwa."

Hakimu akashusha miwani, akamwangalia sana. Kisha akatoa hukumu: mwaka mzima Twalibu asiguse usukani wa gari lolote, wala asipewe leseni nyingine, akikamatwa anaendesha, ni jela moja kwa moja. Twalibu akashukuru, akashukuru tena, mpaka akaamriwa anyamaze.

Mwamvita alilia njia nzima. Ataionaje foleni ya bomba? Watamwita mke wa mlevi!

"Shoga, afadhali wewe," Damyanti, mkewe Sultanali, akamtuliza. "Mlevi, lakini dereva. Wa kwangu gari analo, wala hajui kuligeuza uani."

Maneno hayo yakamwingia. Kweli, dereva ni dereva. Mwaka si karne. Akafuta machozi.

Lakini kulipokucha machozi yalirudi. Lori la ushirika lilipita mbele ya nyumba, Jilala kakaa nyuma ya usukani kama mwenye mali, na Twalibu yuko juu, kwenye marobota ya tumbaku, anaimba!

"Twalibu!" Jilala akafoka, lori liliposimama kwenye kilima. "We vipi? Jiwe!"

Twalibu akaruka chini na jiwe mkononi, akaliweka nyuma ya tairi, akapanda tena kabla vumbi halijatua. Mwamvita aliuma kanga. Dunia imepinduka: utingo anamfokea bosi wake, na bosi anatii! Tena anatabasamu. Aliapa kwamba jioni Jilala akitia mguu pale nyumbani atamwambia lake.

Jioni alipotaka kupika, sufuria zote tatu hazikuwa na mifuniko, na ungo haukuwepo ukutani. Akasikia sauti ya Jilala nyuma ya nyumba. Vizuri. Akaokota mwiko, akanyata mpaka kwenye ua wa mabua, akachungulia kwanza, maana neno la kusikia kwa siri lina utamu wake.

Twalibu alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo kaushika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Mifuniko ilikuwa imepangwa chini miguuni pake. Jilala alichuchumaa kando na kijiti.

"Hakimu katupa mwaka, tusiuchezee," alikuwa akisema. "Wa kushoto?"

"Klachi."

"Wa kulia?"

"Mafuta."

"Haya. Na huu wa katikati?"

Twalibu akaukanyaga mfuniko polepole, akatikisa kichwa kwa uchungu.

"Kumbe ndio huu," akasema. "Siku ile niliutafuta toka mtaroni mpaka kilabuni."