Dakika Arobaini za Bure

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja, na Ognyan alikuwa bado anazungumzia balbu za ngazini.

"Balbu ya ghorofa ya tatu," alisema mbele ya kompyuta, polepole kama padri mwenye mafua, "ni ya wati arobaini. Ya ghorofa ya nne ni ya wati sitini. Sasa tujiulize, majirani: kwa nini?"

Kwenye kioo nyuso tisa zilimtazama. Hakuna aliyejiuliza.

Ognyan alikuwa mwenyekiti wa jengo lao pale Gabrovo, mji wa Bulgaria unaosifika kwa ubahili, jengo la ghorofa sita na lifti moja iliyokufa miaka miwili iliyopita. Yeye aliishi chini kabisa, mlango wa kwanza. Lifti hakuihitaji, na mchango wa kuitengeneza hakuutaka. Juu kabisa aliishi Bibi Stoimenka, mwenye magoti mabovu, ambaye tangu lifti ife hajakanyaga ardhi. Kila asubuhi aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, na Ognyan akamtilia mkate. Watu walimsifu kwa hilo, na kila sifa ilimchoma. Bibi huyo ndiye aliyempigia taipu barua yake ya kwanza ya kuomba kazi. Na zamani, lifti ikiwa bado nzima, mkewe Zlatka alipolazwa hospitali, ndiye aliyeshuka na sufuria ya supu ya maharage siku kumi na mbili mfululizo.

Mikutano ya jengo ilifanyika chini, penye masanduku ya barua, mahali Bibi Stoimenka asipoweza kufika. Basi mwezi uliopita alipaza sauti kutoka juu, jengo zima likasikia:

"Mwanangu! Siku hizi watu wanakutana kwa kompyuta! Tutafutie kitu cha bei nafuu, na mimi nipige kura yangu ya lifti!"

Angekataaje?

Ognyan alitafuta siku tatu. Programu moja ilikuwa ya leva kumi na tano, pesa za huko, kwa mwezi, na watu wangeongea mpaka wakaukwe na mate. Nyingine ilikuwa nusu ya bei hiyo, kwa saa mbili. Ya tatu ilikuwa ya bure, ila mkutano ulijikata wenyewe ukifika dakika arobaini. Akachukua hiyo. Gabrovo hakuna anayekuuliza kwa nini umechagua cha bure. Ajenda aliiandika mwenyewe: usafi, balbu, paka wa chini ya jengo, na mwisho kabisa, lifti.

Kiungo cha kuingilia mkutanoni alikichapa kwenye karatasi, akakibandika kwenye mlango wa jengo kando ya matangazo ya misiba, mahali palipobandikwa kila tangazo tangu jengo lijengwe. Herufi sitini na nne, kubwa kwa ndogo, zimechanganyika na namba.

"Ndiyo desturi yetu," alimwambia Zlatka. Moyoni alijua nusu ya jengo wangekosea kabla ya herufi ya kumi.

Wakaingia wote. Hilo hakulitegemea.

"Mwangwi huu wa nini?" aliuliza, maana kila neno lake lilikuwa likimrudia.

"Ndiyo mambo ya bure hayo!" alicheka Krastyo wa ghorofa ya nne. "Ungekuwa na paka, Ognyan, ungemkata mkia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke!"

Nyuso zote tisa zilicheka kwa pamoja.

Zlatka alichungulia begani kwake. "Mbona nyuma yao wote ukuta una maua yale yale?"

"Enzi zile duka la karatasi za ukutani lilikuwa moja," alinong'ona Ognyan. "Hebu ninyamazie."

Bibi Stoimenka alikuwa pembeni mwa kioo. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo.

"Mwanangu, tufike basi kwenye lifti."

"Tunafika, bibi. Utaratibu ni utaratibu."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akainama kama mtu anayesoma karatasi, akaanza habari za paka: anakula nini, nani anamlisha, amezaa mara ngapi. Hakuna aliyembishia. Hata Krastyo, ambaye hubishana na redio, alikaa kimya.

"Haya, majirani," alisema hatimaye. "Sasa, lifti."

Kioo kikawa cheusi.

Alidhani atafurahi. Badala yake alikaa akiutazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi, na haukumpendeza.

"Teknolojia, jamani!" alisema kwa sauti kubwa mno. "Basi, tutaitisha mwingine theluji ikiisha."

Zlatka alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Ile supu," alisema, "na wewe uliila."

Ognyan alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini chini ya sakafu yake palikuwa na paka tu.

Nusu saa baadaye akasikia miguu ngazini, mingi, ikishuka hatua kwa hatua. Kitu kizito kiligonga ukuta. "Taratibu! Pinda huku!" Ilikuwa sauti ya Krastyo. Kisha mlango ukabishwa.

Akafungua. Mbele yake, juu ya kiti cha jikoni kilichobebwa na wanaume wanne, alikaa Bibi Stoimenka, rangi ya mdomo ingali mbichi. Nyuma walisimama majirani waliobaki, simu mikononi. Bibi alimnyooshea karatasi iliyopigwa taipu bila kosa hata moja. Ilikuwa kura ya lifti, na chini yake sahihi tisa.

"Imebaki yako, mwanangu," alisema. "Sisi sote tulikuwa sebuleni kwangu. Mkutano haukukatika. Aliyekatika ni wewe peke yako."